Ushauri: Je, niwataje paka wa mama katika wasifu wake?

Ndugu wanajukwaa, mama yetu alifariki mwezi Agosti na tulimzika nyumbani, Machame, pembeni ya migomba yake. Desemba hii, ndugu wote watakapokuwa wamefika kutoka Arusha na Dar es Salaam, tutafanya ibada ya shukrani, nami nimepewa kazi ya kuandika wasifu upya, kwa kuwa ule wa siku ya mazishi uliandikwa usiku mmoja na ulijaa tarehe kuliko ulivyomjaa mama mwenyewe.

Ninapokwama ni kwa paka. Wa kwanza aliletwa kwa ajili ya panya waliokuwa wakitoboa magunia ya mahindi stoo. Hadi mama anaondoka, walikuwa saba. Kila siku saa kumi na moja jioni alichemsha dagaa, akachanganya na ugali uliobaki, akaupepea kwa mfuniko hadi upoe, kisha akagonga kijiko mara tatu kwenye sufuria, nao wakatoka migombani, darini na kwa majirani. Kila mmoja alikuwa na jina, na mmoja alipewa jina la shemeji yangu, jambo ambalo shemeji hajalisahau hadi leo.

Kaka yangu mkubwa hataki watajwe hata kwa neno moja. Anasema wapo waliokuwa wakimnong'ona mama kwa sababu ya paka, hasa yule mweusi, na kwamba tukiwataja mbele ya mchungaji tutawapa la kusema. Mimi naona nikiwaondoa, nitakayebaki naye katika karatasi ni mama wa mtu yeyote. Wiki iliyopita niligonga sufuria ile ile. Walikuja wote saba, lakini badala ya kula walikaa wakiutazama mlango wa jikoni nyuma yangu. Niandike au niache? Na paka wenyewe tuwafanyeje, maana nyumbani atabaki kijana wa kazi peke yake?

Mkulima wa Uru: Pole sana, ndugu yangu. Usishindane na kaka mbele ya wadogo zenu. Mwendee kabla ya Desemba, umsomee aya hiyo peke yake, kwa kuwa mkubwa akishirikishwa mapema hupata nafasi ya kukubali bila kuonekana ameshindwa. Kuhusu minong'ono, hesabu ni nyumba ngapi hapo kijijini zilizopewa watoto wa paka na mama yako zilipovamiwa na panya, kisha uliandike hilo bila kumtaja mtu.

Binti wa Majengo: Mimi ni Mwislamu, na kwetu swahaba Abu Huraira anajulikana kwa lakabu iliyotokana na kijipaka, wala hatujawahi kuiona kuwa ni aibu. Andika, dada au kaka. Hilo la shemeji ningeliacha, isipokuwa yeye mwenyewe akiruhusu.

Afisa Mifugo Mstaafu: Nitajibu la paka tu. Wasihamishwe kama inawezekana, kwa sababu paka huzoea mahali. Mkilazimika kumpeleka mmoja Arusha, afungiwe ndani wiki mbili hadi tatu kabla ya kuachiwa, la sivyo atajaribu kurudi. Kijana huyo apewe fedha ya dagaa wasio na chumvi, na saa ya kuwalisha isibadilishwe. Mwoneni mtaalamu wa mifugo wa kata kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye hukipata na humwambukiza binadamu. Muwahasi pia: jike huweza kushika mimba akiwa na miezi mitano tu, naye hubeba kwa takriban miezi miwili, kwa hiyo hao saba msipowahi hamtawahesabu tena.

Mleta uzi: Ninawashukuru nyote. Chanjo nimeshaiulizia, na kijana amekubali kazi ya jioni. Jana nilimsomea kaka aya ile kwa simu. Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika, kisha akasema nimekosea: mama hakuwa akigonga mara tatu, aligonga mara nne, na ya nne ilikuwa ya yule mweusi aliyekuwa akichelewa siku zote. Nimesahihisha.