Filamu isiyoeleweka kwa makusudi: ni sanaa au ni kutupiga chenga?

Wapenzi wa filamu, naomba tulijadili hili kwa uwazi. Nimechoshwa na filamu za kisanaa ambazo mwongozaji ameshaamua tangu mwanzo kwamba nisielewe. Mtu anatokea, hatajwi jina. Onyesho linalofuata kavaa nguo nyingine. Labda miaka imepita, labda anaota. Wahusika wawili wanazungumzia "lile jambo" muda wote: wao wanalijua, mwongozaji analijua, niliyefichwa ni mimi tu. Ukilalamika unaambiwa karudie filamu zako za ngumi.

Sipingi ugumu. Rashomon ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1950, inatupa masimulizi manne ya kifo kimoja yasiyopatana. Kwa jambazi, marehemu kafa kwa upanga wakipigana. Kwa marehemu mwenyewe, anayesema kupitia kwa mganga, kajichoma jambia. Lakini kila simulizi imenyooka, unajua nani kafanya nini. Kinachokusumbua ni nani wa kumwamini, na hilo ni swali la kweli.

Memento ya mwaka 2000 nayo inachosha kichwa: maonyesho ya rangi yanarudi nyuma, ya nyeusi na nyeupe yanasonga mbele, mpaka yanakutana. Ila kuna sababu. Mhusika hawezi kutunza kumbukumbu mpya, kwa hiyo kila onyesho likianza hata mimi sijui tumefikaje pale. Ninachanganyikiwa pamoja naye.

Sasa chukua L'Année dernière à Marienbad (yaani "Mwaka Jana kule Marienbad") ya Alain Resnais, iliyopewa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 1961. Mwanamume anashikilia kwamba yeye na mwanamke fulani walikutana mwaka jana, mwanamke anakana, na tunazunguka hapo hapo. Kuna picha moja ya bustani: watu wamesimama na vivuli virefu, miti iliyo kando yao haina kivuli. Nzuri ajabu. Lakini uzuri wa picha haukunipa mtu hata mmoja wa kumhurumia kwa saa moja na nusu.

Najua nitaambiwa maisha yenyewe hayaeleweki, na kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. La kwanza lina uzito kidogo, ingawa katika maisha yangu walau najua ninayezungumza naye ni nani. La pili ndilo linaloniudhi hasa, kwa sababu linawaziba watu midomo. Mtu anatoka ukumbini hajaambulia kitu, anasifia asije akaonekana mjinga, na mwongozaji haulizwi lolote.

Mimi napima hivi: kisa kikinyooshwa kwa mpangilio wa kawaida, kinapotea nini? Memento ikinyooshwa, mateso ya yule bwana hatuyaonji tena. Nyingine zikinyooshwa kinabaki kisa chembamba cha mapenzi ambacho kisingesimama chenyewe, na ndicho kilichokuwa kinafichwa.

Mnaozitetea, nitajieni filamu iliyowachanganya mwanzo hadi mwisho na bado ikawagusa, na mseme iliwagusa kwenye onyesho lipi.