Mchango wa sekta ya bidhaa na huduma za mazingira kwenye pato la taifa: nini kinahesabiwa, nini kinaachwa?

Mchambuzi_D

Wakuu salaam. Natakiwa kukadiria mchango wa sekta ya bidhaa na huduma za mazingira: thamani, ajira na mauzo ya nje. Nilivyonavyo ni sajili ya biashara yenye misimbo ya ISIC Rev. 4 (mfumo wa kimataifa wa kuainisha shughuli za kiuchumi), majedwali ya ugavi na matumizi (yanayoonyesha nani anazalisha nini na nani anakitumia), na takwimu za forodha.

Rasimu ya kwanza imejumlisha mapato ya kampuni zote za divisheni 35 hadi 39, ikaongeza wauzaji wa paneli za sola, pampu na vichujio. Jumla imekuwa kubwa kiasi cha kutoaminika. Naomba mwongozo kwa haya:

1. Mpaka wa sekta unachorwa wapi?
2. Bidhaa zenye matumizi mawili zinagawanywaje?
3. Mamlaka za miji zinazozoa taka bila kuuza huduma sokoni zinaingiaje?

Hesabu_za_Taifa

Mkuu, rasimu hiyo ina kasoro mbili: wigo umepanuka kupita kiasi, na mapato yametumika mahali pa thamani iliyoongezwa, yaani pato ukitoa vilivyonunuliwa na kutumika kulizalisha. Rekebisha moja kwanza, uone namba imeshuka kiasi gani, ndipo uende kwenye ya pili. Ukizirekebisha kwa mkupuo hutaweza kumweleza mtu yeyote kwa nini jumla imebadilika.

Wigo. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa hesabu za mazingira na uchumi, SEEA wa 2012, hauangalii jina la kampuni. Unauliza bidhaa yenyewe imekusudiwa nini: kuzuia au kupunguza uchafuzi, au kupunguza matumizi ya maliasili. Kwa hiyo anza na orodha ya bidhaa, kisha tafuta msimbo wa ISIC wa kila moja. Ukianza na misimbo utarudi palepale. Misimbo yako iangalie hivi:

- 37 (majitaka), 38 (taka) na 39 (kusafisha maeneo yaliyochafuliwa) huingia karibu zote.
- 36 (maji) ni mtego. Katika mwongozo wa Ulaya, kuvuta na kusambaza maji ya bomba hakuhesabiwi. Kazi za kupunguza uvujaji ndizo zinazoingia.
- 35 (umeme na gesi) usiichukue nzima. Tenganisha uzalishaji wa umeme na kazi za kuusafirisha na kuusambaza, halafu kwenye uzalishaji chukua vyanzo jadidifu pekee. Nyuklia hubaki nje.
- Wafanyabiashara wa jumla na rejareja wanatoka. Anayeagiza paneli na kuziuza hajazalisha bidhaa ya mazingira, hata kama duka lake halina kitu kingine. Anayezifunga paneli juu ya paa anaingia, na mara nyingi utamkuta 4321 pamoja na mafundi umeme wengine. Wanunuzi wa vyuma chakavu walioandikishwa 4669 ni wafanyabiashara pia. Anayechambua na kuchakata, yaani 3830, ndiye wa kwako.

Umeme una kosa jingine la kawaida: watu huzidisha kilowati-saa kwa bei anayolipa mteja wa mwisho. Bei hiyo imebeba gharama za gridi na kodi. Tumia bei ya msingi anayopokea mzalishaji, na ruzuku yoyote inayolipwa kwa kila kilowati-saa uijumlishe humo, maana ni sehemu ya bei ya msingi.

Jedwali_Kuu

Naongezea kwenye mapato dhidi ya thamani iliyoongezwa, kwa mfano wa namba za kubuni.

Kiwanda cha kemikali za kusafishia majitaka kinauza 100, kimetumia malighafi na nishati za 60. Thamani iliyoongezwa ni 40. Kampuni ya majitaka inauza huduma za 250, imenunua kemikali hizo za 100 na umeme wa 30. Thamani iliyoongezwa ni 120.

Ukijumlisha mapato unapata 350. Mchango wa wote wawili ni 160. Zile 100 za kemikali zimehesabiwa mara mbili, mara moja kwa muuzaji na mara ya pili ndani ya bei ya huduma. Pampu iliyonunuliwa mwaka huohuo usiitoe kama matumizi ya kati (vitu na huduma zinazoishia kwenye uzalishaji), hiyo ni rasilimali ya kudumu.

Pale usipokuwa na gharama za kampuni moja moja, utachukua uwiano wa thamani iliyoongezwa kwa pato la tasnia nzima kutoka majedwali ya ugavi na matumizi. Inakubalika, ila fahamu unachodai: kwamba mtengenezaji wa vichujio ana muundo wa gharama sawa na watengenezaji wote wa mashine. Kwa 37 na 38 dai hilo halina shida kubwa. Kwa viwanda ni dhaifu, kwa hiyo walau wazalishaji wakubwa waulizwe moja kwa moja.

Kigawanyo

Swali la pili ndilo linaloamua ubora wa makadirio yote, tulitulie kidogo.

Bidhaa zenye kusudi moja (mapipa ya taka, matangi ya maji machafu, vifaa vya kusafisha moshi wa magari) huingia kwa asilimia mia. Bidhaa zilizoboreshwa, mfano betri zisizo na zebaki, zina matumizi ya kawaida lakini zinachafua kidogo kuliko nyingine za aina hiyo. Hapa wengi huchanganya hesabu mbili. Betri ya kawaida ikiwa 10 na isiyo na zebaki 12, hesabu ya matumizi ya kulinda mazingira huandika ile ziada ya 2 tu. Hesabu ya sekta, ambayo ndiyo yako, huandika 12 nzima. Usipitishe namba za hesabu moja kwenye nyingine.

Kundi gumu ni bidhaa zisizojionyesha kwenye msimbo, kama pampu, mabomba na vifaa vya kuzuia joto. Njia mbili: uliza wazalishaji mgao wa mauzo kwa matumizi, au fuata mnunuzi kwenye jedwali la matumizi. Pampu zilizokwenda divisheni 37 ni zako, zilizokwenda migodini si zako. Mgao wowote utakaotumia uuandike pamoja na mwaka wake na chanzo chake, na uupitie upya kila baada ya miaka michache. Mgao ukiachwa miaka kumi, mfululizo wako utakuwa unapima ukuaji wa tasnia ya pampu.

Forodha ina ugonjwa huohuo. Katika HS (mfumo wa kimataifa wa misimbo ya bidhaa za forodha) ya 2017, seli za sola zilikuwa kifungu kimoja na diodi za LED, 8541.40. Toleo la 2022 lilizitenga: 8541.42 kwa seli, 8541.43 kwa paneli zilizounganishwa. Ukiona mabadiliko makubwa mwaka huo, kagua msimbo kwanza. 8421.21 bado inachanganya vichujio vya maji ya kunywa na vya majitaka.

Hesabu_za_Taifa

La tatu: huduma isiyouzwa sokoni hupimwa kwa gharama zake. Pato ni mishahara, matumizi ya kati, uchakavu wa rasilimali na kodi za uzalishaji kama zipo. Thamani iliyoongezwa ni hizo ukitoa matumizi ya kati. Zabuni aliyopewa mkandarasi binafsi wa kuzoa taka ni matumizi ya kati ya mamlaka, na pato kwa mkandarasi. Angalia usiiache pande zote mbili.

Kiwanda kinachosafisha majitaka yake chenyewe nacho kikadirie kwa gharama, lakini kwenye mstari wake. Thamani hiyo tayari imo ndani ya tasnia ya kiwanda. Unaihamisha tu, pato la taifa haliongezeki.

Mchambuzi_D

Shukrani wakuu. Nikiombwa ajira "zisizo za moja kwa moja", naziongeza kwenye jumla?

Jedwali_Kuu

Hapana, ziwe mstari wa pembeni. Ukitumia kizidishi cha Leontief (namba inayokadiria ajira na uzalishaji unaochochewa kwa wagavi wote wa kampuni) kwa kampuni ya majitaka, kitakuletea wafanyakazi wa kile kiwanda cha kemikali, nao umeshawahesabu moja kwa moja. Kabla ya kukokotoa, weka sifuri kwenye manunuzi yanayofanyika ndani ya sekta yenyewe, ubakize wagavi wa nje. Ajira zote ziwe sawa na muda kamili: jumla ya saa za mwaka gawanya kwa saa za mwaka za mfanyakazi mmoja wa muda kamili, kwa sababu uzoaji na uchambuzi wa taka una vibarua wengi wa saa chache.

Na ukitoa asilimia, gawanya kwa jumla ya thamani iliyoongezwa kwa bei za msingi. Pato la taifa kwa bei za soko lina kodi za bidhaa ndani yake, na namba yako haina.