Nina digrii ya biashara, nataka kuwa muuguzi: nianzie wapi?

Kutoka: Binti wa Langoni, Leicester

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Amu, yaani Lamu, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni.

Nina jambo limenikaa moyoni mwaka wa pili sasa. Nilimaliza digrii ya biashara Kenya mwaka 2011. Hapa Leicester nilifanya kazi kwenye ghala la nguo miaka minne, kisha nikaingia nyumba ya kutunza wazee, na ndipo nilipojijua. Mwaka jana mama alipata kidonda mguuni. Sukari ilikuwa juu muda mrefu na sisi hatuna habari. Kila jioni nilimpigia mdogo wangu Langoni, ananionyesha mguu kwa simu, nami namuuliza: kinanuka? Pembeni pamekuwa pekundu? Vidole vina joto? Maswali hayo nimeyaokota kwa wauguzi wanaokuja pale kazini. Mguu umepona, alhamdulillahi. Tangu hapo nataka kuyajua mambo haya kwa kufundishwa, nisiwe mtu wa kuyadokoa tu.

Nina miaka 38, watoto wawili, na mume wangu anaendesha lori usiku. Makazi yangu hapa ni ya kudumu. Je, digrii yangu inanifaa kitu, au nitaanza kama aliyemaliza shule jana? Ni miaka mingapi? Na mikopo ya masomo ya hapa ina riba. Nyinyi mliopita njia hii mlifanyaje?

Shangazi yangu ananiambia mwenye digrii haendi kuosha watu. Hilo nimeshamjibu mwenyewe kwa adabu, msijisumbue nalo.

Kutoka: Dada wa Mkomani, Birmingham

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, leo ni muuguzi wodi ya wazee, kwa hiyo nakujibu nikijua ulipo.

Digrii yako inafaa, tena sana, hata kama ni ya biashara. Baraza la Wauguzi na Wakunga la hapa, NMC, linataka mwanafunzi atimize saa 4,600, nusu darasani na nusu kwa wagonjwa. Kozi ya kawaida ni miaka 3. Mwenye digrii anaweza kuhesabiwa sehemu ya masomo na uzoefu wake wa nyuma, ndiyo maana ipo shahada ya uzamili ya uuguzi ya miaka 2, na mwisho wake unasajiliwa sawasawa na yule wa miaka 3. Tangu kuomba unachagua tawi lako: watu wazima, watoto, afya ya akili, au wenye ulemavu wa kujifunza. Fikiri vizuri hapo, kubadili katikati ni taabu.

Kazi yako ya wazee ndiyo inayokubeba. Vyuo vingi vinavyofundisha kwa miaka 2 vinataka ushahidi wa saa ulizohudumia watu, umeandikwa na kutiwa saini na msimamizi. Anza kuuweka leo. Mimi nilichelewa, nyumba niliyokuwa nikifanya kazi ikafungwa, meneja akahamia mji mwingine, na saa zangu za mwaka mzima zikakosa mtu wa kuzithibitisha. Nililia. Usikubali jambo hilo likupate.

Sasa pesa. Kwa kawaida huku England aliyekwisha kupata digrii hapewi mkopo wa digrii nyingine. Uuguzi umetolewa katika kanuni hiyo. Juu ya mkopo kuna ruzuku iitwayo NHS Learning Support Fund: pauni 5,000 kwa mwaka, na pauni 2,000 zaidi kwa mwenye watoto anayetimiza masharti. Ruzuku hairudishwi na haina riba. Tena huhitaji kuwa umeuchukua mkopo ndipo uipate, unatakiwa uwe unastahili kuupata. Kustahili maana yake, kwa wengi wetu, ni makazi ya kudumu na kuishi Uingereza miaka 3 kabla ya kozi. Wewe umo. Lakini ndugu zetu walioko hapa kwa viza ya kazi au ya mwanafunzi, nawaomba msilipe ada ya maombi kwa kusikia hadithi za mtu mwenye makazi ya kudumu. Ninyi mtatozwa ada ya wageni na ruzuku hii hamtaiona.

Nije kwenye riba, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Serikali ilianza kulizungumzia suala la ufadhili usio na riba kwa Waislamu mwaka 2014, sheria ya kuuruhusu ikapita 2017, na bado twangoja. Watu wetu wamegawanyika. Wako waliouliza wanazuoni wao wakachukua mkopo, siwahukumu. Mimi na mume wangu moyo ulikataa. Nikaenda njia ya mafunzo kazini: hospitali inakuajiri, inakulipa mshahara, chuo kinalipiwa, nawe hudaiwi hata senti. Mwisho wake ni digrii ya uuguzi na usajili ule ule.

Gharama yake ni muda. Kwa kawaida ni miaka 4. Rafiki yangu tuliyeanza naye mwezi mmoja, yeye kwa miaka 2, alikuwa keshapata kazi mimi bado nabeba beji ya mwanafunzi. Nafasi pia ni chache, na hospitali nyingi huwapa kwanza wanaofanya kazi kwao tayari. Kwa hiyo ukitaka njia hii, hama nyumba ya wazee uingie hospitali kama msaidizi wa wauguzi, na siku ya usaili sema wazi kwamba unakusudia mafunzo hayo. Nilisema hivyo, na waliponiita mwaka uliofuata walikuwa wanakumbuka.

Uamuzi wa njia ni wenu wawili na Mola wenu. Ninachokusihi ni kwamba usichague miaka 2 kwa kuwa ni mifupi tu. Miaka hiyo 2 imebanwa: wiki za darasani, kisha wiki za wodi zenye zamu za saa 12 na zaidi, usiku na wikendi zimo, kwani ni lazima uone mgonjwa anavyotunzwa saa zote 24. Mume wako anaendesha usiku. Nani atalala na watoto? Swali hilo mlijibu kabla ya kujaza fomu yoyote.

Hesabu zisikutishe, mtu wa biashara. Kuna mtihani wa hesabu za dawa ambao lazima upate asilimia 100. Ni hesabu hizi: daktari ameandika miligramu 75, chupa ina miligramu 50 kwa kila mililita 1, utavuta mililita ngapi? Ni 1.5. Ukikosea nukta, mgonjwa amepata mara kumi. Ndiyo maana 99 haitoshi.

Nguo: hijabu inavaliwa, mimi navaa. Kanuni ni mikono iwe wazi chini ya viwiko unapomhudumia mgonjwa, kwa ajili ya kuosha mikono. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2010 uliwataja Waislamu na kuruhusu mikono ya nguo ya ziada, ya kutupwa baada ya kutumika. Ulizia mapema hospitali utakayopangiwa wanatumia utaratibu gani, usingoje asubuhi ya kwanza uanze kubishana mlangoni mwa wodi. Hospitali ya Royal Derby ilianza 2019 kutoa hijabu za kutupwa kwa chumba cha upasuaji. Nilipoisoma habari ile nilifurahi kama aliyetumiwa barua.

Kutoka: Ndugu wa Shela, London

Mimi nilichukua mkopo, baada ya kuuliza na kujibiwa na shehe ninayemwamini, nikamaliza miaka 2, afya ya akili. Sina la kuongeza juu ya dada ila hili: mwaka 2025 wahitimu wengi walihangaika kupata kazi ya kwanza, hata serikali ikatangaza mwezi wa Agosti mpango wa kuwahakikishia nafasi. Usiamini anayekwambia kazi zinakungoja barabarani. Kila hospitali utakayopelekwa kwa mafunzo, ichukulie kama usaili.

Kutoka: Kaka wa Matondoni, Columbus, Ohio

Assalamu alaykum. Kwa walioko Marekani mambo ni mengine kabisa, asije mtu akachanganya.

Hapa mwenye digrii ya fani yoyote anaweza kuingia kozi ya haraka ya uuguzi ya miezi 12 hadi 18. Lakini kabla ya mlango huo kuna masomo ya sharti: anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, takwimu, mara nyingi kemia. Vyuo vingi havikubali alama za sayansi zilizopita miaka mitano au saba, kwa hiyo baiolojia yako ya zamani haihesabiki. Mimi nilitumia karibu miaka miwili kwenye masharti tu, jioni baada ya kazi. Ukijumlisha, ile "haraka" si haraka.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: digrii inafungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Msaada wa serikali kuu uitwao Pell Grant hapewi mwenye digrii, na digrii ya Kenya nayo ni digrii. Kwenye fomu nilijibu kwamba sina, nikidhani wanauliza ya Marekani. Ikagundulika, nikarudisha pesa zote kwa mafungu. Jibuni ukweli ndugu zangu, hata pale swali linapoonekana haliwahusu.

Mwishowe nilikwenda chuo cha jamii, digrii ndogo ya miaka miwili. Ada yake ni nafuu mno, na mtihani wa leseni, NCLEX-RN, ni ule ule wanaofanya wa kozi ya haraka. Hospitali iliyoniajiri ndiyo inayonisomesha sasa digrii kamili. Aulizaye mwajiri juu ya hili hapotezi kitu.

Na agizeni hati za alama kutoka Kenya mapema. Wanaozitathmini wanataka zitoke chuoni moja kwa moja, zikiwa zimefungwa. Zangu zilichukua miezi mitano.

Kutoka: Ami, Lamu

Wanangu, nimewasoma wote. Nilikuwa muuguzi visiwani hadi nilipostaafu. Wakati wetu mama mwenye uchungu akitoka Faza, jahazi lilingoja maji yajae ndipo lipite mkondo wa Mkanda. Tumezalisha wanawake ndani ya mashua, tochi mdomoni. Siwaambii haya kujisifu. Nataka binti wa Langoni ajue kwamba kuosha mtu ndiko kulikonifundisha kazi yote: ukimwosha unaiona ngozi, unaona anavyopumua, unaona anapokunja uso.

Binti yangu, maswali uliyomuuliza mdogo wako juu ya mguu wa mama ni sawasawa na yetu. Umeacha moja. Mwenye sukari hupoteza hisia za miguu pole pole, akikanyaga mwiba hajui. Mwambie mdogo wako amlaze mama, mama afumbe mato, kisha amguse kwa ncha ya kidole, kwa upole, sekunde moja, asibonyeze wala asimtekenye. Amguse kidole gumba, cha kati na cha mwisho, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Vyote ni vidole sita. Mama aseme anapohisi. Asipohisi viwili au zaidi, apelekwe akaonwe, hata kama hana kidonda wala maumivu.

Na ukisoma huko, usiache Kiswahili chako cha kumwuliza mgonjwa. Wazee wa hapa hawasemi "maumivu makali". Watakwambia mguu wawaka moto au watembea sisimizi, nawe ujue ni mishipa ya fahamu.

Kutoka: Binti wa Langoni, Leicester

Allah awalipe wote. Nimezungumza na mume wangu mpaka saa nane za usiku. Tumekubaliana njia ndefu: nitaomba kazi ya msaidizi hospitalini, na yeye ataomba zamu za mchana kuanzia mwezi wa tisa. Meneja wangu ametia saini saa zangu za miaka mitatu leo hii, nimezipiga picha na kumpa mume nakala. Hati za alama nimeziagiza. Kama yuko anayesafiri kutoka Nairobi kuja Leicester au Birmingham kabla ya Ramadhani, naomba anijulishe, nina bahasha moja ndogo.

Ami, tumefanya kama ulivyosema. Mdogo wangu aliiweka simu juu ya mto nami nikiangalia. Mama alifumba macho. Mguu wa kulia alihisi vyote vitatu. Wa kushoto, ule uliopona, alihisi kidole gumba peke yake; viwili vingine alinyamaza, kisha akauliza, "Bado hujanigusa?" Kesho asubuhi anapelekwa hospitali ya King Fahd.