Muuzaji anasema laptopu yangu ya ofisi "ina grafiksi ya GB 4" na itabeba VR. Kuna ukweli hapo?

Kasuku_Ilala

Wakuu habari za leo. Naomba msaada kabla sijatoa hela. Nina HP EliteBook 840 G5, prosesa i5-8350U, RAM GB 8, SSD GB 256, Windows 11. Ni mtumba wa Uingereza, kazi za ofisi inazipiga vizuri tu. Nataka miwani ya VR (uhalisia pepe, ile inayokuweka ndani ya gemu) niiunganishe kwa waya nicheze gemu za Steam, lile duka la gemu za kompyuta. Muuzaji amefungua Task Manager, akanionyesha upande wa GPU (chipu ya picha) pameandikwa 3.9 GB, akasema "hii ni grafiksi ya GB 4, VR inabeba bila shida". Ana miwani ya Quest 3S, ana miwani ya Samsung Odyssey iliyotumika kwa bei ya chini sana, na ana yale maboksi ya plastiki ya kuchomeka simu.

Mashaka yangu ni haya: GTA V inakatakata kwenye laptopu hii hata nikishusha kila kitu. Sasa VR itapita wapi? Na kama haipiti, kuna cha kuongeza ikapita? Ikishindikana kabisa, nifanyeje angalau gemu za kawaida zitulie?

MchongaBodi

Mashaka yako ni ya haki mkuu, usiyaachie. Tuanze na hiyo 3.9 GB kwa sababu ndiyo inayowapiga watu wengi.

Rudi Task Manager, Performance, GPU, usome maneno yaliyo kando ya namba: "Shared GPU memory". Windows huandika hapo takriban nusu ya RAM yako, maana yake chipu ya picha ikizidiwa inaruhusiwa kukopa mpaka kiasi hicho. Laptopu yoyote ya GB 8 yenye chipu ya picha ndani ya prosesa itaonyesha kitu cha aina hiyo. Ukiweka GB 16 itapanda mpaka karibu 8, na chipu ni ile ile, nguvu ni ile ile. Andika dxdiag kwenye kisanduku cha kutafutia, ingia Display, uangalie jina: Intel UHD Graphics 620, na VRAM yake (kumbukumbu ya picha) megabaiti 128 tu. Hizo ndizo ilizotengewa, na zenyewe zimekatwa humo humo kwenye RAM yako. Mwambie muuzaji akuonyeshe ukurasa huo.

Sasa nguvu. UHD 620 kwenye i5-8350U ikifika kasi yake ya juu ya gigahezi 1.1 inafikia karibu teraflopu 0.42 (kipimo cha mahesabu kwa sekunde). Miwani ya Oculus Rift ilipotoka Machi 2016 ilitaka kadi ya picha ya GTX 970, ambayo iko juu ya teraflopu 3.4. Hiyo ni zaidi ya mara 8, na tunaongelea miwani ya 2016 yenye pikseli 2160 × 1200 kwa macho yote mawili. Quest 3S ina 1832 × 1920 kwa kila jicho, jumla pikseli milioni 7. Kwa hezi 72 (fremu 72 kwa sekunde), ambayo ndiyo ya chini, kompyuta inatakiwa kuchora pikseli milioni 506 kila sekunde. GTA V kwenye 1280 × 720 kwa fremu 30 ni milioni 27.6. Yaani kazi ambayo laptopu yako tayari inaikwamia, VR inaizidisha mara 18.

Na kwenye VR huwezi kujifariji kwamba "itakatakata kidogo lakini itachezeka". Hezi 72 inakupa milisekunde 13.9 kwa kila fremu. Fremu ikichelewa kwenye skrini ya mezani unaona mkwamo, basi. Ikichelewa ndani ya miwani, kichwa kimegeuka lakini dunia imebaki nyuma, sikio la ndani linasema jambo moja na macho yanasema jingine. Dakika chache tu unatoka jasho na kichefuchefu. Programu ya miwani hujaribu kuziba pengo kwa kuvuta fremu ya zamani, ila inaziba fremu moja moja. Ukikosa nyingi mfululizo, kingo za vitu zinaanza kutetemeka kama maji.

Jibu la swali la kwanza: haibebi.

Zinduna

Naongezea kuhusu hizo bidhaa tatu, kila moja ina mtego wake.

Quest 3S haina sehemu ya kupokea picha kutoka HDMI wala DisplayPort. Ina USB-C tu. Ukiichomeka kwenye kompyuta, kompyuta inachora gemu, inaibana kuwa video, inaituma kwa waya, miwani inaifungua. Kwa hiyo kadi ya picha inafanya kazi mbili, kuchora na kubana, kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Meta, watengenezaji wa Quest, inataja kadi inazozikubali, na UHD 620 haimo. Hata GTX 1650 ya kawaida iliachwa nje ya orodha ilhali 1650 Super ilikubaliwa. Kupitia waifai ni vile vile: programu ya Steam Link ya kwenye Quest iliyotoka mwishoni mwa 2023 haipunguzii kompyuta mzigo wa kuchora, inabadilisha njia ya kusafirisha tu.

Samsung Odyssey ndiyo hatari zaidi kwako, maana maneno ya muuzaji yana chembe ya ukweli hapo. Odyssey ni ya mfumo wa Windows Mixed Reality wa 2017, na Microsoft kweli walisema Intel HD 620, ndugu wa chipu yako, inatosha, kwa hezi 60, kwa programu nyepesi. Lakini walidai pia RAM GB 8 za njia mbili (vijiti viwili vikifanya kazi pamoja), sharti ambalo muuzaji halitaji. Kubwa kuliko yote: Desemba 2023 Microsoft walitangaza kuachana na mfumo huo, na Windows 11 toleo la 24H2 likauondoa kabisa. Prosesa yako ya kizazi cha 8 inakubaliwa na Windows 11, kwa hiyo sasisho hilo linakuja lenyewe. Andika winver uone uko toleo gani. Kama ni 24H2 au la baadaye, ukichomeka Odyssey hutapata hata ukurasa wa kuanzia. HP Reverb G2, Lenovo Explorer, Dell Visor zote ziko kapu hilo hilo. Hiyo bei ya chini ina sababu yake.

Maboksi ya plastiki: hayo ni lenzi mbili tu, kila kitu kinategemea simu. Google walianza na Cardboard ya karatasi 2014, wakaacha kuiuza 2021. Simu nyingi za bei ndogo hazina jairoskopu (kihisi cha kugeuka), zina kipima mtikisiko tu, kwa hiyo picha haifuati kichwa au inaruka. Kwenye Samsung nyingi piga *#0*# uingie Sensor uangalie kama Gyroscope Sensor ipo. Hata ikiwepo, unapata kugeuza kichwa peke yake. Ukiinama au ukisogea hatua moja, dunia yote inasogea na wewe. Kwa video za kuzunguka inatosha. Kwa gemu za Steam, hapana.

fundi_wa_kona

Wenzangu wamemaliza la VR. Mimi nijibu la gemu za kawaida, kwa sababu hapo mashine yako ina nafasi ya kupumua na gharama ni ndogo.

Chipu yako haina kumbukumbu yake, inakula sahani moja na prosesa. Kama hiyo GB 8 ni kijiti kimoja cha DDR4-2400, njia ya data ni GB 19.2 kwa sekunde, na wote wawili wanaigombania. Ukichomeka kijiti cha pili inakuwa 38.4. Kwa kulinganisha tu, kadi ya picha ya GTX 1060 ya GB 6 ina 192 peke yake.

Angalia kwanza: Task Manager, Performance, Memory, "Slots used". Ikisema 1 of 2, umepata dawa. Thibitisha kwa programu ya CPU-Z, ukurasa wa Memory, sehemu ya Channel. Kanunue kijiti cha RAM ya laptopu (SODIMM) DDR4, GB 8, kasi 2400 au zaidi (ya juu itashuka yenyewe mpaka 2400). Usichukue cha GB 4: kitafanya kazi, ila sehemu tu ya RAM ndiyo itakayopita njia mbili.

Kukifunga: zima kabisa, siyo kulaza. Toa chaja. Legeza skrubu za mfuniko wa chini, kwenye 840 G5 hubaki humo humo kwenye mfuniko, usizilazimishe kutoka. Inua kwa kadi ya plastiki kuanzia upande wa bawaba. Chomoa waya wa betri kabla hujagusa chochote. Ingiza kijiti kwa mshazari wa kama nyuzi 30 mpaka meno ya dhahabu yasionekane, halafu kibonyeze kilale mpaka vishikio viwili vya pembeni vilie. Ukiwasha skrini ikawa nyeusi usiogope: mara nyingi kijiti hakijaingia mpaka mwisho. Mwanzo wa kwanza nao huchukua muda kidogo kwa sababu bodi inapima RAM mpya.

Ukiwa ndani humo angalia feni. Prosesa hii imepangiwa wati 15, na hizo zinagawanywa kati ya prosesa na chipu ya picha. Kati ya feni na yale mapezi ya shaba hujenga utando wa vumbi kama sufi, hauonekani mpaka ufungue feni yenyewe. Utando huo ukiwepo, gemu inaanza vizuri, baada ya dakika 5 au 10 inaporomoka. Hiyo ndiyo dalili ya kutofautisha: inayokatakata tangu sekunde ya kwanza ni nguvu au RAM, inayoanza vizuri ikachoka ni joto. Shika panga za feni kwa kidole unapopuliza, isizunguke ovyo. Krimu ya joto badilisha ikiwa imekauka.

Kwenye gemu: 1280 × 720, vivuli chini kabisa, na ufunge fremu kwenye 30. Watu hukataa hilo la kufunga fremu, lakini 30 iliyonyooka inachezeka kuliko inayoruka kati ya 22 na 45, na prosesa haichemki bure. Cheza chaja ikiwa imechomekwa.

Kasuku_Ilala

Nashukuru sana wakuu, nimejifunza mengi. Nimeangalia: 1 of 2, Channel ni Single. dxdiag kweli inasema 128 MB. winver ni 24H2. Odyssey nimeachana nayo.

Swali la mwisho. Laptopu ina mlango wa Thunderbolt 3. Nimeona watu wanafunga kadi ya picha nje. Au ninunue tu desktopu ya mtumba, Dell OptiPlex 7050 ile nyembamba, niweke kadi?

MchongaBodi

Kadi ya nje inawezekana kiufundi. Kimfuko haikufai. Thunderbolt 3 inabeba njia 4 za PCIe (njia za data za kadi ya picha) tu badala ya 16, na unahitaji boksi, pawa saplai yake na kadi. Na prosesa inabaki ile ile ya wati 15, kwenye VR itakuwa ndiyo kikwazo kipya. Kwa fedha hiyo unapata desktopu nzima.

OptiPlex 7050 nyembamba ni nzuri kwa gemu za kawaida, ila pima kabla ya kulipa. Pawa saplai yake ni wati 180 na plagi zake ni za Dell wenyewe, zile za kawaida za mtaani haziingii. Prosesa ya i5-7500 inakula wati 65. Kadi lazima iwe fupi ya kimo, isiyohitaji waya wa umeme. GTX 1650 fupi ni wati 75 na nyingi ni nene kwa sloti mbili, kwa hiyo pima nafasi kwa rula, na usome mwongozo wa mashine kujua sloti inatoa wati ngapi. NVIDIA T1000 ni wati 50 na nyembamba, inakaa kwa raha zaidi.

Kimbia kadi ya GT 1030 ya DDR4. Sanduku linafanana na la GDDR5, lakini moja ina GB 16.8 kwa sekunde na nyingine 48. Na kadi yoyote ya mkononi ifungulie programu ya GPU-Z dukani: kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu zikajiita GTX 1050 Ti, na GPU-Z huzitambua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina.

VR kwa OptiPlex hiyo? Bado hapana.

Zinduna

Mkuu, nakupa upande mwingine ili usione kama VR yote imefungwa. Quest 3S ni kompyuta yenyewe. Ina prosesa yake Snapdragon XR2 Gen 2 na RAM GB 8, gemu zinakaa ndani, laptopu haihusiki kabisa. Ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299 huko Marekani, ulinganishe na unayoambiwa dukani. Ninachopinga ni kuinunua kwa ahadi ya Steam.

Ukiamua kuichukua, ivae dukani. Umbali wa lenzi una nafasi tatu, 58, 63 na 68. Pima kati ya mboni zako kwa rula mbele ya kioo, ukiwa mbali sana na hizo maandishi hayatatulia. Hakikisha mwenye awali ameifuta na kuiondoa kwenye akaunti yake mbele yako. Halafu washa skrini nyeupe utafute madoa ya njano au vistari vilivyoungua. Hayo ni ya jua: lenzi zinakusanya mwanga kama kioo cha kukuzia na kuunguza skrini kwa muda mfupi sana. Kwa jua letu, usiiache dirishani wala kwenye dashibodi ya gari, na ukiiweka mezani lenzi zitazame chini au zifunikwe.

Kasuku_Ilala

Nimekusoma. Naanza na kijiti cha RAM na kusafisha feni, nitaleta namba za kabla na baada hapa hapa.