Naomba ushauri: halmashauri ya kijiji imegawa eneo la msitu bila mkutano mkuu

Wakuu habari. Kijijini kwetu kuna msitu uliotengwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kama eneo la wote. Watu wanaweka mizinga, wanaokota kuni, na chanzo cha maji kimo humo. Sasa tumesikia halmashauri ya kijiji imempa mwekezaji sehemu yake. Mkutano mkuu haukuitishwa, tumeona tu vijana wanasafisha mpaka kwa mapanga.

Nimepitia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kifungu cha 8 kinasema halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, tena yenyewe inasimamia tu kwa niaba yetu, kama mdhamini. Mwenyekiti anajibu kwamba eneo ni dogo, halihitaji kikao. Mimi naona hapo anatuzuga, maana kifungu hicho hakitaji ukubwa.

Muhtasari wa kikao tumeuomba, tunapigwa danadana.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie: tuanze kwa mkuu wa wilaya, au twende moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba zuio kabla miti haijaanguka? Baraza la kata najua tangu 2021 limebaki na usuluhishi tu. Na je, wanakijiji wachache tunaweza kufungua shauri kwa niaba ya wote, au lazima kwanza tupate kibali cha uwakilishi? Wazee wanataka kumfuata mwekezaji mwenyewe wakaongee naye, mimi nasita.