Tupeane uzoefu: Eli Manning anastahili Canton? Ulikuwa wapi, uliona nini?

Mshika Pampu
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa sisi tuliolowea Marekani mpaka tukaambukizwa ule mpira wa yai, yaani futiboli ya Kimarekani. Eli Manning, kwotabeki (mrusha pasi mkuu) wa New York Giants, alistaafu Januari 2020. Kanuni ya Ukumbi wa Magwiji kule Canton, Ohio, ni kwamba ukistaafu unakaa kwanza miaka 5 ndipo jina lako lifikiriwe, na kuingia kunataka asilimia 80 ya kura. Zamu yake ya kwanza ilikuwa 2025. Akafika kwenye orodha ya mwisho, akakosa. Mwaka ule walipenya wanne tu, na hakuna kwotabeki hata mmoja.

Sitaki takwimu tupu, hizo ziko kila mahali. Kila mtu aseme alikuwa wapi, kisha atoe kura. Naanza mimi.

Februari 2008 nilikuwa najaza mafuta kwenye kituo kimoja New Jersey. Kwa wasiojua, jimbo lile mteja haruhusiwi kujijazia, lazima ahudumiwe, na mhudumu mara nyingi ndiye sisi. Usiku wa fainali (Super Bowl), Giants dhidi ya Patriots wa New England, barabara ilikuwa tupu kama Kariakoo saa ya futari. Akaja mzee mmoja na gari bovu, redio juu, akaagiza ya dola 30. Patriots walikuwa wamecheza mechi 18 na kushinda zote 18, na pale wanaongoza 14-10, imebaki dakika moja na ushee. Nimeshika pampu, mtangazaji anapiga mayowe: Eli kakamatwa jezi, kachomoka, karusha, David Tyree kaudaka mpira na kuubana kwenye helmeti kichwani! Nusu ya maneno sikuyaelewa. Niliona tu mzee katoka garini na soksi, viatu hana, barafu chini, ananikumbatia. Kuja kushtuka mashine imeshafika 36. Hakujali. Alibaki pale hadi Plaxico Burress alipofunga, ikaisha 17-14, akanipa noti ya 50 akaondoka zake.

Kura yangu: aingie.

Mlezi wa Lowell
Kaka, usiku huohuo mimi nilikuwa upande wa msiba. Nilikuwa zamu ya usiku Massachusetts, nikimtunza mzee mmoja mgonjwa nyumbani kwake. Kazi hiyo Wakenya wa huku tunaijua. Mzee alikuwa Patriots damu. Dawa zake za saa tatu alikataa kumeza mpaka mechi iishe. Ilipoisha akaniambia, zima. Nikazima. Tukakaa gizani karibu nusu saa, mkono wake uko juu ya mkono wangu, vidonge bado viko kwenye kikombe. Kuanzia siku hiyo jina la Eli halikutajwa kwenye kile chumba.

Akafariki 2010. Februari 2012 timu zilezile zikakutana tena fainali. Nilipomuona Mario Manningham anadaka ile pasi ndefu kwenye ukingo wa uwanja, miguu yote miwili ndani, nilimshukuru Mungu kwamba mzee hayupo. Giants wakashinda 21-17. Mtu aliyewafunga Brady, kwotabeki wa Patriots, na kocha wao Belichick fainali mbili, na zote mbili yeye ndiye akachaguliwa mchezaji bora, mnamfungia mlango kwa lipi? Aingie, ingawa mzee wangu angenifukuza kazi.

Hesabu Haidanganyi
Hadithi tamu, ila Canton si kijiwe cha kahawa. Misimu 16: kashinda 117, kapoteza 117. Pasi 244 zilinaswa na wapinzani, na 27 kati ya hizo ni za 2013 peke yake. Ukiondoa ile misimu miwili ya ubingwa, aliifikisha timu kwenye mtoano mara nne, na mara zote nne akatolewa mechi ya kwanza.

Jim Plunkett, kwotabeki wa zamani, naye ana Super Bowl mbili. Yeye kashinda 72, kapoteza 72. Mpaka leo yuko nje. Uzoefu wangu mimi ni tiketi nilizonunua 2013. Sitaki kuukumbuka. Asiingie.

Mwana wa Kisauni
Mimi sijawahi kukanyaga Marekani. Fainali ya 2012 niliiona Mombasa, saa nane na nusu usiku, nikiwa zamu kwenye baa ya hoteli, watalii wanne na mimi. Nikawauliza huyu namba 10 ni nani, wakaanza kubishana wao kwa wao hadi karibu na alfajiri.

Sisi tuna Origi wetu, mtoto wa Mike Okoth. Mabao mawili Barcelona walipolala 4-0 mwaka 2019, na jingine fainali dhidi ya Tottenham. Nampenda kufa, lakini simweki meza moja na Salah. Eli naona ni Origi aliyeanza kila mechi kwa miaka. Kura sina, jamani, mnanichanganya.

Baba Mpigaji
Karibuni Ohio. Mimi mtu wa Bukavu, mwanangu shuleni anapiga mpira kwa mguu kwenye timu yao, maana mwalimu aliona ile miguu ya kabumbu akamng'ang'ania. Nilimpeleka Canton. Kile chumba cha sanamu kina mwanga hafifu, vichwa vya shaba vimepangwa mwaka kwa mwaka, na watu wanaongea chini kama kanisani. Kijana akasimama mbele ya sanamu ya Joe Namath, kwotabeki wa zamani, akatoa simu. Baba, huyu pasi za tachidauni (za kufunga) 173, pasi zilizonaswa 220! Ameingiaje? Kaingia 1985, na hoja yake kubwa ni fainali moja ya Januari 1969. Sasa hesabu zenu zinasemaje hapo?

Lakini kijana akaniwekea nyingine. Fainali zote mbili, Giants walifika kwa mguu wa mpigaji wao Lawrence Tynes, mzaliwa wa Uskoti, muda wa nyongeza: Green Bay kwenye baridi ya kuua, ambako alishakosa mara mbili kabla, halafu San Francisco. Tynes nani anamtaja Canton? Tulibishana hadi nyumbani, maili zote zile.

Dereva wa Lori
Nitasema fupi. 2017 kocha wa Eli alimweka benchi, Eli akiwa ameanza mechi 210 mfululizo. Wakamwambia basi anza, ucheze kidogo uhifadhi rekodi, kisha tukutoe. Akakataa. Wiki iliyofuata kocha akafukuzwa.

Mwaka huohuo kampuni niliyoitumikia miaka tisa ilinipa kijana nimfundishe njia zangu, baada ya mwezi njia zikawa zake. Na mimi walinipa zawadi ya picha, nisimame na funguo mkononi. Nilisimama. Bado iko kwenye simu. Kila nikimuona Eli nakumbuka ile picha. Aingie, na wakichelewa shauri yao.

Hesabu Haidanganyi
Pole mkuu. Ila hapo umempigia kura Eli au umejipigia mwenyewe?

Dereva wa Lori
Zote mbili.

Mlezi wa Lowell
Mshika Pampu, na ile chenji ya mzee?

Mshika Pampu
Dola 14, dada. Nilinunua kofia ya Giants ya mitumba, ikanibana. Ninayo hadi leo.