Wenye presha isiyoshuka, usiku mnalalaje? Tupeane uzoefu

Mhasibu wa Moro

Wakuu, habari za usiku. Miaka mitatu nimehangaika na presha. Nimeulizwa chumvi, nimeulizwa pombe, nimeulizwa kama marehemu baba alikuwa nayo. Usingizi hakuna aliyeuliza, na mimi nisingesema, maana nilikuwa najisifia: kichwa kikigusa mto, dakika mbili nimeshaondoka. Hata kwenye foleni ya benki nalala.

Nina miaka 47, kilo 98, kola ya shati namba 17. Nilianza na amlodipine, ikaongezwa losartan, ikaongezwa ya kukojoza. Nameza bila kuruka, lakini kila nikienda kliniki ni 158/100, 162/98. Daktari mmoja akanitazama usoni akasema, "Wewe dawa humezi." Iliniuma sana, maana mke wangu ndiye anayenipa vidonge mkononi na kikombe cha maji, anasimama pale mpaka nimeze.

Asubuhi naamka kichwa kizito, mdomo mkavu kama nimelamba unga. Saa nne ofisini nasinzia juu ya vocha. Usiku chooni mara tatu, mara nne. Nikadhani sukari, nikapima, haipo. Tezi dume nayo, haipo.

Mke wangu alishahamia chumba cha watoto kwa sababu ya kukoroma kwangu. Siku moja tukapata wageni, ikabidi arudi. Saa nane usiku akaweka simu kwenye stuli, akanirekodi, na asubuhi akanisikilizisha nikiwa nakunywa chai. Nakoroma, nakoroma, halafu kimya. Ndani ya kimya kile unasikia saa ya ukutani na mbwa wa jirani, na mke wangu anahesabu kwa kunong'ona: ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba... Mara mtu anakorota kama anatolewa kisimani, na kukoroma kunaanza upya. Chai ilinishinda.

Nikaipeleka ile rekodi kwa daktari mwingine. Hakumaliza hata dakika mbili, akaniandikia kipimo cha usingizi. Unalala na mkanda kifuani, kamrija puani, na kibanio cha kidoleni cha kusoma oksijeni. Majibu: pumzi inakatika au inapungua mara 34 kwa saa. Kwa vipimo vyao, kuanzia 30 ni kali.

Alinieleza hivi. Ukilala misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Oksijeni ikishuka mwili unashtuka, adrenalini inamwagika, mishipa inabana, presha inaruka. Unazinduka kidogo bila kujua, unavuta hewa, unalala tena, na mchezo unaanza upya. Kwa kawaida usiku presha ya mtu hushuka asilimia 10 hadi 20, moyo na mishipa vipumzike. Yangu ilikuwa inakesha. Na ile safari ya choo ni humohumo: ukivuta hewa huku koo limeziba, kifua kinauvuta moyo, nao unatoa homoni ya kuziambia figo zimwage maji.

Sasa nalala na mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisijifunge, wenyewe wanaiita sipapu. Wiki ya kwanza mtoto wa mwisho aliniona nayo akakimbia. Ni mwezi wa tano sasa: 136/86, na dawa zote tatu naendelea nazo. Daktari alinionya mapema kwamba kwa watu wengi mashine peke yake hushusha presha kidogo tu, nisije nikatupa vidonge.

Haya, leteni zenu.

Jongoo Mzee

Mkuu kukoroma ni uchovu tu wa kazi, mnatishana bure. Babu yangu alikuwa anakoroma mpaka kuku wanashuka mtini, na hakuwahi kulazwa hospitali hata siku moja.

Mhasibu wa Moro

Yuko hai?

Jongoo Mzee

Alianguka asubuhi moja akienda kuswaki. Upande mmoja ukagoma, hakufika jioni.

Mhasibu wa Moro

Pole sana mkuu.

Gia Kubwa

Mimi nipo barabarani, Dar–Tunduma, mwaka wa kumi na moja. Kwetu kulala ni kuvizia. Unalala saa mbili tu kwenye kiti, unapiga vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu viwili, unasonga. Mwaka jana nilisinzia kwenye foleni ya mizani, mguu kwenye breki, utingo akanigonga bega huku nyuma wanapiga honi. Nikajiuliza, ingekuwa mteremko wa Kitonga je? Nilipofika Mbeya nikapima duka la dawa: 170/110. Nina miaka 36! Dada wa pale akakataa kabisa kuniuzia dawa, akasema kapumzike, kesho nenda hospitali upimwe vizuri.

Kopo nimeacha. Nimemwambia bosi ukweli, akanuna wiki nzima, ila sasa safari ndefu tunakwenda madereva wawili. Presha imerudi 140 na kitu. Bado napigwa tarehe kliniki.

Nesi Zamu

Gia Kubwa, huyo dada ana akili. Kipimo kimoja cha mtu aliyetoka kuendesha usiku kucha, ametoka kunywa kopo, si cha kumwanzishia mtu dawa.

Mimi mwenyewe nahudumia wenye presha na ninayo. Nimejipima kwa daftari: nikitoka zamu ya usiku, 148/96. Nikiwa na likizo, siku ya nne au ya tano, 128/82. Mwili una saa yake, unajua usiku ni wa kushusha mapigo na mchana ni wa kupandisha. Wewe unaulazimisha kinyume, halafu mchana unataka kulala huku jirani anapiga muziki na watoto wanagonga mlango. Zamu siwezi kuacha, nina ada za shule. Nimeshona pazia zito jeusi, simu nampa dada wa kazi, na nimeomba usiku wangu uwe wa mfululizo, si leo usiku kesho asubuhi. Imesaidia, haijamaliza.

Halafu ndugu zangu, kabla ya kupima kaa dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Na mwenye mkono mnene aombe mkanda mkubwa. Mkanda mdogo unakuzidishia presha ambayo huna.

Halali Mtu

Mimi ni kinyume cha mwenye mada, sikoromi kwa sababu silali. Tangu nimzike mama mwaka juzi, saa tisa usiku macho haya hapa. Nikanunua mashine ya presha ya kuweka mkononi. Kosa! Ikawa kama simu. Nashtuka, napima, 145. Naogopa, napima tena, 152. Natembea sebuleni, napima, 160. Kuna usiku nilipima mara tisa, karibu nimwamshe bodaboda anipeleke dharura.

Daktari aliniambia niipeleke mashine kwa shemeji yangu mtaa wa pili. Nikitaka kupima nivae viatu nitembee, tena asubuhi na jioni tu. Nilimwona kama ananidharau. Akanipa na masharti ya kitanda: nisipopata usingizi baada ya kama dakika ishirini niamke, nikae gizani sebuleni, nirudi macho yakiwa mazito. Na kila siku saa kumi na mbili asubuhi niwe nimeamka, hata kama nimelala saa moja tu. Wiki mbili za kwanza ilikuwa mateso. Sasa napata usingizi wa kama saa tano na nusu, sita kwa usiku. Vidonge vya usingizi alininyima, nashukuru.

Mwali wa Kisauni

Hamjambo nyote. Babake watoto ana presha mwaka wa nane, na kukoroma kwake jirani ghorofa ya juu ashalalamika. Nimemsomea maneno ya Mhasibu, asema yeye hakoromi, ni mimi nasikia ndotoni. Leo usiku namrekodi.

Binti Mpare

Yetu ilikuwa ndogo ila ilitutesa. Mama ana miaka 71, dawa ya kukojoza alikuwa anaimeza saa mbili usiku na zile nyingine, kwa sababu ndiyo saa ya taarifa ya habari na hasahau. Usiku anaamka mara tano, mara moja akateleza bafuni. Presha juu, hasira juu. Mfamasia alipoangalia tu akauliza, "Hii mama anakunywa saa ngapi?" Tukampigia daktari wake, akaihamishia asubuhi. Anaamka mara moja sasa. Msihamishe wenyewe jamani, ulizeni, nyingine zina saa zake.

Nesi Zamu

Hata wanaotumia dawa za presha za captopril au enalapril wakapata kikohozi kikavu cha usiku wakaseme kliniki. Zipo za kubadilishia.

Mwali wa Kisauni

Nimerudi. Nimemrekodi dakika arubaini, mpaka pumzi ikikatika nami naikata yangu. Nimempa asikize asubuhi akila mahamri. Kasikiza mara mbili. Asema huyo si yeye, hilo ni jenereta la duka la chini.

Mhasibu wa Moro

Leo chukua video.